Gavana Anakaa Miaka Mingapi?



Jumamosi iliyopita tulikuwa tunafunga hesabu ya MUSO pembeni ya soko hapa Lulimba. Redio ya jirani ilikuwa inazungumza habari za kubadilisha katiba, na mama mmoja anayeuza mawese akatugeukia: "Ninyi mnaofundisha watoto, hebu mtuambie, gavana anakaa miaka mingapi?"

Mmoja wetu alisema minne. Mwingine akasema saba. Wa tatu akasema anakaa mpaka Kinshasa imchoke. Tulicheka sana, kisha tukaona aibu kidogo, maana tuko walimu wawili katika kikundi kile na hakuna aliyejibu kwa uhakika. Jioni tulifungua katiba, ile ya Kifaransa tunayoazimana. (Katiba yenyewe, kifungu cha 142, inaagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa katika siku sitini. Atakayeona nakala ya Kiswahili hapa Ngandja atuletee, tutamshukuru.)

Jibu liko katika kifungu cha 198. Gavana wa jimbo na makamu wake wanachaguliwa kwa muhula wa miaka mitano, na muhula huo unaweza kurudiwa mara moja tu. Maana yake miaka kumi, hata kama watu wanampenda namna gani. Na anayewachagua si wewe wala mimi. Wanaochagua ni wabunge wa jimbo, watu wasiofika hamsini, na Rais wa nchi anatia sahihi ili gavana aingie kazini. Kura yetu sisi inaishia kwa mbunge wa jimbo. Kutoka hapo kwenda mbele inabebwa na mbunge, na sisi hatuwezi kujua ameifikisha wapi.

Kikomo cha mihula miwili ni sheria nzuri. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu, gavana alipotumwa kutoka upande mwingine wa nchi, akahamishwa bila mtu wa hapa kuulizwa neno. Walioandika katiba ya tarehe 18 Februari 2006 walitaka kuachana na hayo. Lakini tulipokaa tukahesabu magavana wa Kivu ya Kusini tangu sheria hiyo ianze kufanya kazi, tuliona jambo ambalo hatukulitegemea. Kikomo hicho hakijawahi kumgusa mtu hapa kwetu. Hata mmoja.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 2007 wabunge wa jimbo walimchagua Célestin Cibalonza. Hakumaliza hata miaka miwili. Mwaka 2008 akaja Louis-Léonce Muderhwa, naye akaondoka 2010. Mwaka huo huo wakamchagua Marcellin Cishambo, ambaye alitakiwa kumalizia muhula wa wenzake unaokwisha karibu na 2012. Alikaa mpaka 2017. Baada yake Claude Nyamugabo, mpaka 2019. Kisha Théo Ngwabidje, ambaye bunge lilipiga kura ya kumwangusha, akarudishwa na Mahakama ya Katiba. Aprili 2024 akachaguliwa Jean-Jacques Purusi. Watu sita, na hakuna aliyewahi kuanza muhula wa pili.

Wanne wa kwanza walichaguliwa na bunge moja. Wabunge wale tuliwapigia kura mwezi wa Oktoba 2006. Kura iliyofuata ya wabunge wa jimbo ilikuja tarehe 30 Desemba 2018. Mtoto aliyezaliwa siku tulipopiga kura ya kwanza alikuwa tayari darasa la sita, anajiandaa kwa TENAFEP, na mbunge bado ni yule yule. Tulipewa mtu wa miaka mitano, tukakaa naye kumi na miwili.

Basi ugonjwa wetu Kivu ya Kusini haufanani na ule wa nchi ambako gavana anang'ang'ania kiti muhula baada ya muhula. Kwetu muhula hauna mwenyewe. Mara unakatika katikati, mara unarefuka kwa sababu uchaguzi haukufanyika. Katika njia zote mbili hakuna siku ambayo mtu anasimama mbele ya watu na kusema: nilipewa miaka mitano, hii hapa kazi yangu.

Labda mama atasema: mambo ya Bukavu yananihusu nini mimi ninayepanda muhogo hapa? Tutamjibu kwa kidonda chetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita upepo uling'oa paa la chumba cha kuzalia katika kituo kimoja cha afya huku kwetu. Sisi wamama tuliandika barua kwa ofisi moja kubwa, hatutaitaja. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na mkubwa akatuahidi kwamba itaingia katika bajeti ya mwaka unaokuja. Kabla mwaka haujafika, mkubwa aliondolewa. Tulimwandikia aliyemfuata. Akatuomba nakala ya barua ya kwanza, maana faili haikuonekana. Tulipanda pikipiki kuipeleka, tukalala njiani kwa ajili ya mvua. Naye akaenda zake. Wa tatu alitupokea vizuri kuliko wote, akatupa soda, akasema yeye ni wa muda tu, hawezi kutia sahihi.

Mabati tulinunua sisi wenyewe, machache machache, kwa franka za sanduku jekundu, lile la misaada. Upande mmoja bado ni turubai. Mwaka ule wa barua ya pili, mama mmoja wa kikundi chetu alijifungua usiku wa mvua huku wenzake wanashika kitenge juu ya kitanda chake. Mtoto ni mzima, yuko darasa la kwanza. Kila tunapomwona anapita na kamfuko kake ka daftari tunakumbuka zile barua tatu.

Ndiyo maana tunasema habari ya muhula ni habari ya mama. Kifungu cha 204 cha katiba kinaweka mikononi mwa jimbo mambo mengi yanayogusa nyumba zetu, kama shule za watoto wadogo, za msingi na za sekondari kwa kufuata kanuni za taifa, na barabara za jimbo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena jimbo liikate lenyewe kabla haijaondoka. Jinsi inavyotekelezwa mnajua. Mwalimu asiyelipwa anajua zaidi. Lakini gavana anayeweza kuangushwa mwezi wowote hapati muda wa kudai fedha hizo wala kufuatilia shule moja ya Lulimba. Anatumia siku zake kutuliza wabunge.

Na wabunge wanatulizwa kwa nini? Hapa tuseme polepole. Mwezi wa Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, malalamiko ya rushwa yalikuwa mengi hata Rais na wakuu wa taasisi wakasimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta na kusogeza mbele uchaguzi wa magavana. Maseneta na magavana wote wanachaguliwa na wabunge wa jimbo. Watu wachache wakiwa ndio wapiga kura peke yao, kila mmoja anajua bei yake. Kumwangusha gavana ni kufungua soko upya. Hatusemi kila mbunge yuko hivyo. Tunasema mlango uko wazi, na mwenye njaa hupita.

Kuna mlango mwingine. Mwezi wa Januari 2011 katiba ilirekebishwa, na Rais akapewa uwezo wa kumwondoa gavana pakiwa na mgogoro mzito unaozuia taasisi za jimbo kufanya kazi. Sasa muhula wa gavana una watu wengi wa kuukata, lakini wa kuulinda ni nani?

Tusiwacheke wakubwa tu. Sisi wenyewe tumepita hapo hapo. Kikundi kimoja cha MUSO tunachokijua kilikuwa na rais mmoja miaka minane. Mama mwema. Hakuna aliyemshuku kula hata franka moja. Lakini daftari lilikuwa kwake nyumbani, ufunguo wa sanduku la kijani kwake, majina ya wenye madeni kichwani mwake. Alipougua akapelekwa hospitali Baraka, hakuna aliyejua nani anadaiwa nini. Wamama waliogombana wiki ile hawajapatana mpaka leo. Tulipomtembelea alilia, akasema, "Kwa nini hamkunipokonya kazi hii mapema?"

Tangu hapo kikundi kile kiliandika sheria: rais miaka miwili, anaweza kurudia mara moja, kisha anakaa kama wengine. Mwaka wa kwanza sheria ilifuatwa vizuri. Mwaka wa uchaguzi ulipofika, bunduki zililia upande wa milima, watu wakatawanyika, mkutano haukufanyika. Tuliporudi tulimkuta rais akiendelea kukopesha kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Naye hakuwa na kosa. Sheria yetu ilisema anakaa miaka mingapi, ila haikusema itakuwaje siku ya kura ikipita bila kura.

Hilo ndilo tundu, na liko hata katika sheria za nchi. Mbunge wa jimbo anaendelea mpaka bunge jipya liwekwe. Ni sawa, jimbo lisibaki bila bunge. Lakini anayefaidika na kuchelewa ni yeye yule aliye ndani, na hakuna kinachomsukuma aharakishe. Ndivyo tulivyopata wale wa miaka kumi na miwili. Ndivyo ilivyokuwa hata juu kabisa: muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulikwisha Desemba 2016, na uchaguzi ukafanyika Desemba 2018.

Kikundi kile kiliongeza mstari mmoja katika daftari. Kura ikishindikana, rais anabaki kuitisha mkutano tu. Hawezi kukopesha wala kufungua sanduku mpaka wanachama wapige kura. Mkutano uliitishwa ndani ya wiki tatu! Sisi walimu tunaokaa na vitabu hatukuwa tumefikiria jambo hilo. Alilitoa mama asiyejua kusoma.

Sasa turudi kwa ile redio. Mwezi wa Oktoba 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alisema mwaka 2025 ataweka tume ya kuandaa katiba mpya inayolingana na hali ya nchi. Tangu hapo kila mtu anataja kifungu cha 220. Kifungu hicho ni kufuli: kinakataza kubadilisha idadi na urefu wa mihula ya Rais wa Jamhuri. Wengi wanadhani kufuli hilo linamfunga na gavana. Hapana, tumesoma mara mbili. Linamtaja Rais peke yake. Mihula ya magavana haimo. Kifungu cha 198 kinaweza kubadilishwa kwa njia ya kawaida ya kifungu cha 218, yaani kwa kura ya wananchi wote, au bila kutuuliza sisi kabisa, kama mabunge mawili ya Kinshasa yakikaa pamoja na kukubali kwa theluthi... samahani, kwa tatu ya tano ya kura. Kwa hiyo kelele zote zikiwa juu ya mihula ya Rais, ya gavana inaweza kupita mlango wa nyuma na tusisikie.

Mambo ya kuhesabu mihula yanaweza kuonekana maneno ya wanasheria. Anayeona hivyo aende Lusenda. Mwaka 2015 huko Burundi, Rais Pierre Nkurunziza alitaka kugombea tena. Watu walisema mihula miwili imekwisha. Upande wake wakasema ule wa kwanza wa 2005 hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na bunge, siyo na wananchi. Ubishi wa kuhesabu moja na mbili! Maelfu ya wamama walivuka na watoto mgongoni, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa hapa hapa katika teritware yetu ya Fizi. Tumeuziana nao sombe na ndakala. Kuna watoto waliozaliwa katika kambi ile ambao leo wako darasani. Tunaandika hili kwa heshima, siyo kwa kuwanyooshea kidole jirani zetu. Maana na magavana wetu nao wanachaguliwa na bunge. Siku moja mtu anaweza kusema ule wa kumalizia muhula wa mwenzake hauhesabiki. Heri jambo hilo liandikwe wazi kabla hajatokea wa kulisema.

Kuna habari njema pia. Wakenya walipoandika katiba yao ya 2010, walisema gavana anachaguliwa na wananchi wenyewe, na mtu hawezi kushika kazi hiyo zaidi ya mihula miwili. Wa kwanza walichaguliwa 2013. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja kati ya 47. Mwaka 2017 waliingia wanawake watatu. Mwaka 2022 magavana wengi wa mwanzo walifikia kikomo, wakaondoka wakiwa wazima, na wanawake wakawa saba. Kule Kwale, pwani, Salim Mvurya alimaliza mihula yake miwili, na aliyechaguliwa baada yake ni makamu wake, Fatuma Achani, mwanamke. Kiti kikiwa na siku ya kuachwa, mama anaweza kujiandaa. Kisipokuwa nayo, mama anabaki makamu, au anabaki kupika siku ya sherehe. Hatusemi kikomo peke yake kilileta wanawake. Lakini mtu haingii chumba ambacho hakuna anayetoka.

Na kwetu hawakosekani. Jirani zetu wa Tanganyika, Kalemie, waliongozwa na Julie Ngungwa, aliyekuwa makamu kabla ya kuwa gavana. Lualaba wanaye Fifi Masuka. Ila angalieni jinsi milango ilivyofunguka: Kalemie mama aliingia kwa sababu aliyekuwa juu aliangushwa na bunge. Kifungu cha 14 cha katiba kinatupa haki ya kuwa sawa katika taasisi. Hakisemi tungoje mwenzetu aanguke ndipo tuingie.

Tufanye nini, sisi wa Lulimba, Misisi, Lubondja na vijiji vya katikati? Hatuwezi kumchagua gavana. Lakini mbunge wa jimbo anarudi nyumbani bunge likifunga, na lazima apite sokoni, awasalimie wamama, ale ugali wetu. Desemba 2023 alituomba kura kwa unyenyekevu sana, mnakumbuka. Tumekubaliana katika kikundi kwamba safari hii hatutaimba tu na kupiga vigelegele. Tutamkalisha kwenye kiti, tumpe maji, tumwulize kwa adabu kama mtoto wetu. Je, ulimchagua nani, na kwa sababu gani? Kama kesho italetwa karatasi ya kumwangusha gavana, utakuja kutuuliza kabla ya kutia sahihi, au tutasikia redioni? Na hiyo katiba mpya ikija, utasema nini kuhusu siku ya kura kupita bila kura?

Mwandishi wa kikundi ataandika majibu na tarehe. Hakuna kumtukana, hakuna kumwomba sukari. Mama atakayeomba sukari siku ile tutamtoza faini ya sanduku jekundu, na hili tumelipigia kura. Vikundi vya Misisi vimesema vitafanya vivyo hivyo. Wa Lubondja bado tunangoja jibu lao.

Yule mama wa mawese tulimpelekea jibu Jumanne: miaka mitano, mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga chupa zake kwa majani. Kisha akauliza, "Na mbunge je? Huyo anayemchagua gavana, yeye mwisho wake ni mara ngapi?" Tukamwonyesha kifungu cha 197. Miaka mitano, inarudiwa, na mara ngapi haikuandikwa. Anaweza kurudi mpaka azeeke, mradi sisi tumrudishe.

Akasema tuiandike na hiyo katika gazeti. Tumeandika.